Utengenezaji wa paneli za sola nchini Ujerumani

Utengenezaji wa paneli za sola nchini Ujerumani ni tasnia iliyostawi baada ya mwaka 2000, ikaanza kuporomoka mwaka 2011 kutokana na ushindani wa bei kutoka China, na kujaribiwa kufufuliwa mwaka 2021. Historia yake huonyesha ugumu wa kurudisha nchini kazi ambayo tayari inafanywa kwingine kwa gharama ndogo zaidi.

Hatua za utengenezaji

Paneli nyingi hutengenezwa kwa silikoni inayotokana na mawe ya kwatzi. Silikoni husafishwa sana, huyeyushwa na kufanywa mche mkubwa, kisha mche hukatwa vipande vyembamba kama karatasi. Vipande hivyo hutiwa kemikali na nyaya ili viwe seli zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Mwishowe seli huunganishwa na kufunikwa kwa kioo. Kwa hiyo nchi yenye kiwanda cha kuunganisha paneli bado inaweza kutegemea nchi nyingine kwa seli zenyewe.

Kustawi

Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha Sheria ya Nishati Jadidifu. Kila aliyezalisha umeme wa jua alihakikishiwa bei maalumu kwa miaka 20. Soko likakua haraka, na viwanda vikafuata. Kampuni ya Q-Cells, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijenga kiwanda Thalheim karibu na Bitterfeld-Wolfen, eneo la iliyokuwa Ujerumani Mashariki ambako watu wengi walipoteza ajira baada ya muungano wa mwaka 1990. Kufikia mwaka 2008 Q-Cells ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa seli za sola kuliko wote duniani. Kampuni ya SolarWorld ilikuwa na viwanda Freiberg, katika jimbo la Saksonia.

Kuporomoka

China ilijenga viwanda vikubwa kwa msaada wa mikopo na ruzuku za serikali. Mashine nyingi za mwanzo zilinunuliwa Ujerumani kwenyewe. Kadiri uzalishaji ulivyoongezeka, ndivyo gharama ya kila paneli ilivyopungua. Wanunuzi wa Ujerumani walifurahia bei hizo: kati ya 2010 na 2012 nchi ilifunga zaidi ya gigawati 7 kila mwaka. Lakini viwanda vya nyumbani havikuweza kuuza kwa bei hiyo. Q-Cells ilifilisika mwaka 2012 na kununuliwa na Hanwha ya Korea Kusini; uzalishaji wa seli Thalheim ulisimama mwaka 2015. SolarWorld ilifilisika mwaka 2017, na tena mwaka 2018.

Umoja wa Ulaya uliweka ushuru dhidi ya paneli za China mwaka 2013, ukauondoa mwaka 2018. Ushuru huo uligawanya wadau: wenye viwanda waliutaka, lakini mafundi na wauzaji waliupinga kwa kuwa ulipandisha bei.

Jaribio la kufufua

Mwaka 2021 kampuni ya Uswisi ya Meyer Burger, ambayo awali iliuza hasa mashine, ilianza kutengeneza seli Thalheim na paneli Freiberg, katika maeneo yaleyale ya tasnia ya zamani. Hata hivyo bei ya paneli duniani ilishuka tena mwaka 2023. Kampuni iliomba msaada wa serikali, lakini mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria mpya ya sola bila nyongeza ya malipo kwa paneli za Ulaya. Kiwanda cha Freiberg kilifungwa mwaka huohuo, na mwaka 2025 kampuni iliomba kutangazwa mufilisi.

Mjadala

Wanaotetea viwanda vya nyumbani husema kuwa ni hatari kutegemea nchi moja. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa China inashikilia zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji. Wapinzani hujibu kuwa paneli rahisi huharakisha matumizi ya nishati safi, na kwamba kazi ya kuzifunga haiwezi kuhamishiwa nje.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yenye lengo kwamba ifikapo 2030 uwezo wa viwanda vyake ukidhi asilimia 40 ya mahitaji ya kila mwaka ya teknolojia safi, sola ikiwemo. Lengo hilo halitoshi bila wanunuzi: kiwanda hudumu pale tu mtu au serikali inapokubali kulipa tofauti ya bei kwa miaka kadhaa.