Pampu ya usukani ikivuja: jua kwanza oili inatoka wapi

Ukipita asubuhi kando ya Soko la Toi, pale magari yanaposhusha marobota ya mitumba kutoka Gikomba, tazama chini. Gari lililokuwa limeegeshwa likiondoka, mara nyingi huacha doa. Doa jeusi huwa ni oili ya injini. Doa jekundu au la rangi ya kahawia, lililo mbele upande mmoja karibu na gurudumu, huenda likawa ni oili ya usukani, yaani ile ya pawa stiaringi. Mwenye gari analijua doa lake. Ana chupa kwenye buti, anaongeza kidogo kila baada ya siku chache, kisha anaenda zake. Miezi inapita hivyo hadi siku moja usukani unakuwa mzito ghafla, gari limejaa mzigo, naye anajaribu kukata kona kuingia Barabara ya Ngong.

Kwa mfanyabiashara wa Toi, au yule anayetoa mboga Marikiti na kuzipeleka Kawangware, gari kuukuu ndilo linalomletea riziki. Likilala gereji siku tatu, biashara imelala siku tatu. Ndiyo maana inauma zaidi mtu anapoambiwa "pampu imekufa", akanunua nyingine, na baada ya wiki doa likarudi pale pale. Mara nyingi pampu haikuwa na kosa. Iliyokuwa ikivuja ni kitu kidogo kilicho jirani yake.

Kabla ya kuendelea, hakikisha gari lako lina pampu hiyo. Magari mengi madogo yaliyoingia nchini miaka ya karibuni, kama Honda Fit, husaidiwa usukani na mota ya umeme, na hayana oili ya usukani hata tone. Makala haya yanawahusu wenye magari ya zamani kidogo, kama vile Toyota Corolla AE100 na AE110, matatu za HiAce za zamani, pikapu nyingi na malori. Fungua boneti. Ukiona kikopo kidogo chenye kifuniko kilichochorwa usukani au kuandikwa maneno ya pawa stiaringi, basi pampu unayo.

Kazi yake si ngumu kueleweka. Mkanda wa injini huzungusha puli, puli huzungusha shafti, na ndani ya pampu mapezi madogo ya chuma huvuta oili kutoka kwenye kikopo na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye raki inayogeuza magurudumu. Kisha oili hurudi kikoponi. Kwa hiyo kuna mipira ya aina mbili: ule wa presha kubwa unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye raki, na ile ya presha ndogo, mmoja wa kuleta oili kwenye pampu na mwingine wa kuirudisha kikoponi. Tofauti hiyo ni muhimu. Tairi la gari dogo hujazwa hewa kwa takriban psi 30. Usukani ukikatwa hadi mwisho, mpira wa presha kubwa unaweza kubeba zaidi ya psi 1,000.

Kwa sababu hiyo, usipapase mpira huo kwa vidole kutafuta tundu wakati injini inanguruma. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo inaweza kupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.

Kutafuta mahali panapovuja

Oili haidondoki pale inapotokea. Hufuata chuma kushuka chini, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Fundi anayetazama tone la mwisho na kutaja pampu anakisia tu.

Mwambie aoshe kwanza. Injini ikiwa baridi na imezimwa, eneo lote la pampu, mipira na kikopo lisafishwe kwa sabuni ya kutoa grisi, likaushwe kabisa. Usikubali lioshwe kwa petroli, ni hatari. Poda ya mtoto ni msaada mzuri hapa, ingawa wengine huicheka: ukiipuliza kidogo juu ya sehemu iliyokauka, tone la kwanza huacha njia inayoonekana wazi. Kisha injini iwashwe, mtu mmoja ageuze usukani polepole kushoto na kulia, mwingine atazame kwa tochi bila kugusa, akiwa mbali na mkanda na feni.

Oili ikitokea nyuma ya puli, pale shafti inapoingia, basi sili ya shafti imechoka. Hilo ni kosa la pampu yenyewe. Ikitokea kwenye maungio ya mpira wa presha kubwa, mara nyingi ni oringi au washa iliyobanwa vibaya. Ikitokea kwenye mpira wa presha ndogo, tazama klipu: mpira ukizeeka hukakamaa, na klipu iliyoubana miaka kumi haishiki tena. Kikopo cha plastiki nacho hupasuka chini, hasa kwenye magari ambayo injini yake imewahi kuchemka. Halafu kuna raki. Bonyeza zile buti za mpira zilizokunjamana pande mbili za raki. Zikiwa nzito na oili ikichuruzika ndani yake, pampu haihusiki hata kidogo.

Vipi kuhusu ule mlio? Wengi wamefundishwa kwamba usukani ukilia unapokatwa, pampu imekwisha. Inawezekana. Lakini mlio huo huo hutokea pampu inapomeza hewa, na hewa huingia kwa urahisi kupitia klipu iliyolegea kwenye mpira unaoleta oili kutoka kikoponi. Fungua kifuniko uangalie: oili ikiwa na povu, kuna hewa. Klipu mpya ni bei ya chai na mandazi. Pampu si hivyo.

Kutengeneza au kubadilisha

Ikithibitika kwamba ni pampu, swali la pili ni kama sili mpya itatosha. Jibu liko kwenye shafti. Pampu ikiwa imefunguliwa, pitisha ukucha juu ya shafti mahali sili inapokaa. Ukucha ukiteleza bila kukwama, seti ya sili na oringi inaweza kukupa miaka mingine. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbika, sili mpya itavuja kama ile ya zamani, na utalipia kazi mara mbili. Shika pia shafti uitikise juu na chini. Ikiwa na mchezo, beringi imelika, na sili haiwezi kukaa sawa juu ya shafti inayocheza. Mwisho, tazama oili iliyotoka. Ikiwa inang'aa kwa vumbi la chuma, pampu imejila yenyewe kwa ndani, aghalabu kwa sababu iliachwa ikazunguka bila oili ya kutosha. Hapo badilisha.

Kuna chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kuziba uvujaji bila kufungua kitu. Nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Zinaweza kukufikisha mwisho wa mwezi. Shafti iliyochimbika hazitairekebisha, wala mpira uliopasuka hazitauziba.

Mpira wa presha kubwa ukiwa ndio mbovu, usikubali ukatwe na kuunganishwa kwa mpira wa maji na klipu. Utashika gari likiwa limesimama, kisha utafyatuka barabarani. Ununuliwe mwingine wa gari hilo, au upelekwe kwa mafundi wanaotengeneza mipira ya mitambo na matrekta, ambao hubana ncha zake kwa mashine.

Wengi wetu hununua pampu ya ex-Japan, iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa, na Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, ndiko wengi huanzia. Hakuna ubaya, mradi uende na pampu yako ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya bolti, upande ambao oili inatokea, ukubwa wa puli na idadi ya mifereji ya mkanda. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na injini mbili tofauti na pampu mbili tofauti, kwa hiyo beba pia namba ya injini. Zungusha shafti kwa mkono: iende laini, isikwaruze. Inusa. Oili iliyoungua ina harufu kali isiyofichika. Na ikiwa pampu imeoshwa ikang'aa kama sahani ya harusi, uliza kwa nini.

Dai risiti yenye jina la duka, jina la kipuri na muda wa kukirudisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 humchukulia muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, lakini bila risiti ni neno lako dhidi ya lake. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, leseni za biashara na biashara ya haki ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo mkazi aliyeuziwa kipuri kibovu na kukataliwa kurudishiwa pesa ana haki ya kupeleka malalamiko kwa maafisa wa biashara. Kipuri bandia kilichotiwa jina la kampuni nyingine ni suala la Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Wakati wa kufunga

Puli nyingi hutolewa kwa chombo maalumu cha kuvutia. Fundi akichukua nyundo, mzuie kwa heshima. Pigo moja linaweza kupinda shafti au kuharibu sili ambayo umeilipia dakika kumi zilizopita. Mkanda ulioloa oili nao ubadilishwe, kwa sababu utateleza. Kwenye magari mengine mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji na altaneta, hivyo uvujaji wa usukani unaweza kukuletea injini inayochemka au betri isiyochaji.

Aina ya oili isome kwenye kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Magari mengi ya zamani ya Japani hutumia oili ya gia otomatiki, ATF, aina ya Dexron. Honda hutaka ya kwake, na magari mengi ya Ulaya hutaka nyingine kabisa. Oili ya breki isiingie humo kamwe. Chupa zinafanana, na mtu mwenye haraka hukosea, lakini oili hiyo huharibu sili zote za mfumo, pamoja na zile mpya.

Kazi ya mwisho ni kutoa hewa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya stendi; mawe na jeki peke yake havitoshi. Injini ikiwa imezimwa, kikopo kijazwe, usukani ukatwe polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara 15 hadi 20, huku oili ikiongezwa kila inaposhuka. Ndipo injini iwashwe na zoezi lirudiwe hadi povu liishe. Usukani usishikiliwe kwenye mwisho zaidi ya sekunde chache, siku hiyo na siku zote, kwa sababu hapo ndipo presha na joto hupanda zaidi.

Je, unaweza kuendelea kuendesha ukisubiri pesa? Usukani hautakatika kwa sababu oili imeisha. Utakuwa mzito, na mzito zaidi gari likienda polepole, kama unapokwepa mkokoteni kwenye njia nyembamba za Kawangware. Kwa mtu asiye na nguvu mikononi, hiyo ni ajali inayongoja. Isitoshe, oili inayodondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Soko la Toi limeungua zaidi ya mara moja. Tusilipelekee chanzo kingine cha moto kwa magurudumu. Uvujaji ukiwa wa haraka, au ukiona moshi au kunusa oili ikiungua, liegeshe.

Bado kuna oili chafu iliyotolewa. Fundi akiimwaga mtaroni Kibera, inaelekea Mto Motoine na Bwawa la Nairobi, kisha kupitia Mto Ngong hadi Mto Nairobi na Athi. Ya Kawangware nayo huteremkia Mto Nairobi. Ikingwe kwenye karai, imiminwe kwenye mtungi wenye kifuniko, isichanganywe na maji wala petroli, na ipewe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Uliza gereji inapeleka wapi oili yake kabla hujaacha funguo.

Ukirudi nyumbani, tandaza katoni bapa chini ya sehemu ya mbele ya gari usiku, uiandike tarehe. Fanya hivyo tena baada ya wiki moja. Katoni ikiwa na tone, mrudie fundi ukiwa nayo mkononi pamoja na risiti, na mwanze tena kwa kuosha.