Tausi ya Kongo: kuisikia ndiyo, kuiona ni kazi

Ukisema «tausi» hapa kwetu, wengi wanafikiri mara moja ile ya India, yenye mukia murefu wa macho-macho. Lakini Kongo iko na tausi yake, na haipatikani porini katika inchi ingine yoyote. Dume iko ya buluu yenye kung'aa, shingo nyekundu, na manyoya meupe yamesimama juu ya kichwa sawa burosi. Jike ni ya rangi ya udongo, mugongo kijani. Mukia, kwa wote wawili, ni mufupi.

Mwaka 1913, Mumarekani James Chapin aliona ku Avakubi, kule Ituri, unyoya mumoja ku kofia ya mwenyeji. Akauchunga, jina la ndege hakulipata. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, ndani ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa juu ya kabati, na kibandiko kinasema: tausi za India, bado watoto. Kumbe njo wenye ule unyoya! Mwaka uliofuata akarudi Kongo, na ndege akapatikana. Wazungu wakasema «amevumbuliwa». Watu wa Avakubi, wao, walikuwa wamekwisha kumuvaa ku kichwa.

Sasa, namna gani ya kuiona? Mwenye kuingia ku Salonga, Maiko ao Lomami asitumainie macho kwanza. Mchana inatembea chini, inatafuta matunda yaliyoanguka na wadudu kati ya majani makavu. Ikisikia hatua yako, imekwisha kupotea. Usiku inapanda muti kulala, na hapo dume na jike wanaitana, wanajibizana, sauti inaenda mbali sana. Basi usiku sikiliza, shika upande ile sauti inatokea, na alfajiri uende polepole, bila maneno. Wachunguzi wengi, kusema kweli, wanafunga tu kamera ku miti na kungojea.

Tatizo ni mitego. Kamba inategewa mboloko, lakini haichagui: kila mwenye kupita chini inamukamata. Na jike inataga mayai mawili mpaka manne tu. Sheria ya inchi inakataza kuiua, lakini sheria haifiki haraka kule ndani ya pori. Mwindaji akiikuta ingali hai mu mutego, akate kamba, aiachilie iende.