Kuhesabu Samaki Wasioonekana

Wewe mkulima waweza kuhesabu ng'ombe wako wakiingia joshoni, na magunia yako yakiwa ghalani. Lakini samaki wa Ziwa Victoria hawaonekani. Je, watajulikanaje kama wamebaki wengi au wachache?

Jambo hili lakuhusu hata kama huvui. Omena ni kitoweo cha nyumba nyingi, tena husagwa na kutiwa katika chakula cha kuku. Ikiadimika ziwani, mwenye kuku naye huona taabu.

Kazi hii si mpya. Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri kwamba nyavu za ngege zisiwe na macho yaliyo chini ya inchi 5. Siku hizi kazi ni ya nchi tatu, maana Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, Uganda 43, na Tanzania 51. Samaki hajui mpaka. Kwa hiyo, kwa mapatano ya mwaka 1994, nchi hizo ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja.

Hesabu hufanywa kwa njia tatu. Kwanza, mitumbwi, nyavu na ndoana huhesabiwa katika kila ufuo. Pili, samaki wa mitumbwi michache hupimwa kwa mizani. Tatu, meli hupita ziwani ikipeleka sauti majini, na mwangwi unaorudi huonyesha wingi wa samaki.

Tuchukue mfano wa njia ya pili. Mitumbwi 10 imepimwa, ikapatikana kilo 600. Basi kila mtumbwi ni kilo 60. Kama ufuo una mitumbwi 200, na kila mmoja huvua siku 20 kwa mwezi, jumla ni kilo 240,000. Sasa, kama karani akinakili vibaya na kuandika 600 mahali pa 60, jumla itakuwa kilo 2,400,000. Kosa la sifuri moja limezaa samaki wasiokuwapo. Mabwana Samaki wakiliamini, wataruhusu nyavu nyingi zaidi, na ziwa litaharibika.

Kwa desturi ya zamani karatasi zilitoka ufuoni, zikanakiliwa ofisini, kisha zikanakiliwa tena. Kila mtaalamu alikuwa na njia yake ya kukokotoa, na alipohamishwa aliondoka nayo. Tena hesabu ilichelewa. Hesabu iliyochelewa ni kama kumwita daktari wa mifugo baada ya ng'ombe kufa.

Njia mpya ni kuifanya kazi yote iwe mnyororo mmoja, nayo kompyuta ifanye yale yanayorudiwa. Hatua zake ni hizi:

1. Karani huandika uzito katika simu pale pale ufuoni. Simu hukataa jambo lisilowezekana, kama omena yenye urefu wa mita moja.

2. Maandishi ya kwanza huwekwa salama, wala hayaguswi. Masahihisho huandikwa kando, pamoja na jina la aliyesahihisha na tarehe.

3. Amri za kukokotoa huandikwa mara moja, kisha kompyuta huzifuata vile vile kila mwezi. Mtu mwingine akizitumia kwa maandishi yale yale, atapata jibu lile lile.

4. Majedwali na picha za ripoti hutoka zenyewe, bila kunakiliwa kwa mkono.

Huko Ulaya, baraza la wataalamu wa bahari liitwalo ICES, lililoanzishwa mwaka 1902, lina utaratibu wa namna hii. Kazi hupangwa kwa sehemu nne: maandishi, hesabu, matokeo na ripoti, ili mwingine aweze kuikagua.

Lakini usidhani kwamba kompyuta ina akili ya kujua ukweli. Mvuvi akificha nusu ya samaki wake, au karani akikaa chini ya mti na kubuni uzito, kompyuta itatoa uongo huo upesi tu. Mizani ya ufuoni bado ndiyo msingi. Naye mtaalamu, akiokoa siku alizopoteza kwa kunakili, apate nafasi ya kuuliza kwa nini samaki wamepungua.

Kwa miaka mingi uvuvi wa omena upande wa Kenya umekuwa ukifungwa toka Aprili mpaka Julai ili izaane. Amri ya namna hiyo humnyima mvuvi riziki ya miezi minne. Ni haki yake kwamba hesabu inayomfunga iwe sahihi, na iweze kuonyeshwa kwa kila anayeuliza.

Nawe katika shamba lako fuata njia hiyo hiyo. Pima maziwa kwa kipimo kile kile, andika siku ile ile, wala usichane ukurasa wa zamani. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.