Mashine ya Kusaga Makombo, na Jinsi Tulivyoweka Nyingine

Bwana Mhariri aliposikia kwamba likizo ya Desemba nilikuwa Marekani alinitaka niandike habari za safari. Lakini habari za ndege na theluji zimekwisha kuandikwa humu mara nyingi, na wasomaji wamezishiba. Mimi nitaeleza habari ya kitu kimoja tu, kilichokuwa chini ya sinki la jikoni nyumbani kwa mjomba wangu, mjini Columbus katika jimbo la Ohio. Nakichagua hicho kwa sababu mimi ndiye niliyekiharibu, au nilidhani hivyo, na mimi ndiye niliyelala chali sakafuni Jumamosi nzima kukitoa. Tena najua kwamba wazee wengi wa shule hii wanakaa ng'ambo sasa, na kitu hiki wanacho majumbani mwao.

Katika nyumba nyingi za Marekani tundu la sinki haliendi moja kwa moja kwenye bomba. Chini yake imetundikwa mashine yenye umbo la debe dogo. Ukimaliza kula, makombo na maganda laini huyatii ndooni. Unayasukuma katika tundu, unafungua maji baridi, unabonyeza swichi ukutani. Mashine inanguruma kama kinu cha posho, na makombo yanasagwa hata yawe kama uji, yakachukuliwa na maji mpaka mabomba ya mji. Aliyeibuni ni John W. Hammes, mchora ramani za nyumba wa mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, mwaka 1927. Alipata hataza mwaka 1935, na mwaka 1938 akaanzisha kampuni ya kuzitengeneza, iitwayo InSinkErator. Si kila mahali zilipokelewa upesi. Katika sehemu kubwa ya mji wa New York zilikatazwa kwa miaka mingi, kwa kuhofia kwamba mabomba ya zamani yangezidiwa, na ruhusa ilitolewa mwaka 1997.

Nilidhani ndani mna visu. Hamna. Muna sahani ya chuma inayozunguka, na juu yake vipande viwili vya chuma vinavyochezacheza. Sahani ikizunguka (nyingi huzunguka mara 1,725 kwa dakika) makombo hutupwa pembeni kwa nguvu, na huko kuna pete ya chuma yenye meno kama ya kibao cha kukunia muhogo. Kwa hiyo mashine hii haikati bali inakuna. Ukilijua hilo utaelewa mara moja ni vitu gani visivyoifaa: mafuta, ambayo hugandia mabombani, mifupa mikubwa, na kila kitu chenye nyuzi ndefu, kwa kuwa nyuzi hazikuniki bali hujizongazonga. Hata maji baridi yana sababu yake. Maji ya moto huyeyusha mafuta, nayo huenda kuganda mbele, mahali usipoweza kuyafikia.

Mimi sikuyajua hayo. Jumapili ya pili walikuja wageni, na mke wa mjomba alinipa kazi ya kumenya matoke ya watu kumi. Ndoo ya taka ilikuwa nje kwenye theluji. Niliyatia maganda yote katika tundu la sinki, nikabonyeza swichi. Mashine ilivuma kidogo bila kuzunguka, kisha ikanyamaza kimya.

Mjomba hakunigombeza. Alizima swichi, akainama, akanionyesha tundu dogo katikati ya kitako cha mashine. Humo hutiwa alenki, yaani ule ufunguo uliopinda wenye pembe sita, ukazungushwa huku na huku mpaka sahani iachie. Kisha tukayatoa maganda kwa koleo. Mkono hautiwi humo hata siku moja, hata kama umeme umezimwa. Mwisho alibonyeza kitufe chekundu kilicho kitakoni. Hicho hujifyatua chenyewe ili mota isiungue. Mashine ikanguruma tena, wote tukacheka. Lakini nilipokuwa nikifuta sakafu niliona tone la maji, halafu jingine.

Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa maana hili ndilo litakalomwokolea fedha. Mashine ikivuja, tazama maji yanatokea wapi. Yakitoka juu, inapoungana na sinki, dawa yake ni kukaza skrubu au kutia puti mpya. Yakitoka ubavuni, penye bomba au mpira wa maji, kaza kibano au badili mpira. Bali yakitoka chini kabisa, kitakoni, jua kwamba mpira wa ndani unaozuia maji yasiingie kwenye mota umekwisha, na mashine nayo imekwisha. Yetu ilikuwa inatoka kitakoni. Mjomba alisema ina miaka 11, na kutu yake ilianza kabla sijapata pasi ya kusafiria. Nilimwitikia tu. Moyoni niliona ni matoke yangu.

Fundi aliyepigiwa simu alitaka karibu dola 400. Mashine yenyewe dukani ilikuwa dola 120 na kitu. Mjomba hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee, na mshahara wake ndio unaolipa ada yangu hapa shuleni. Muhula ulikuwa unakaribia. Nilimwambia, "Mjomba, hapa shuleni mimi ni mmoja wa wanaotengeneza pampu ya kisima. Tuifanye wenyewe." Alinitazama kitambo, akasema, "Haya, mpwa wangu, lakini wewe ndiwe utakayelala chini. Mgongo wangu hautaki."

Kabla ya kushika spana ni lazima kujua sheria ya mahali. Mjomba aliuliza kwanza, akaambiwa kwamba mwenye nyumba anaweza kuifanya kazi hiyo kwake. Lakini katika jimbo la Massachusetts, ambako najua wanakaa wazee wetu wengine, kazi ya mabomba ni ya fundi mwenye leseni. Na anayepanga nyumba hana budi kumwambia mwenye nyumba.

Tulianza na umeme. Si kuzima swichi ya ukutani tu. Tulikwenda kwenye sanduku la umeme, tukazima kikata umeme cha jikoni, tukarudi kubonyeza swichi kuhakikisha kwamba mashine imekufa kweli. Kisha tuliondoa sabuni na makopo yote yaliyokuwa chini ya sinki, tukaweka ndoo, tukafungua lile bomba lililopinda kama shingo ya bata. Bomba hilo hukaa na maji siku zote, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isirudi nyumbani. Yakamwagika ndooni, nami nikapata sehemu yangu usoni. Tulifungua pia mpira wa maji uliotoka kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Mpira huo ukumbuke, nitaurudia.

Mashine imening'inia kwenye pete ya chuma yenye masikio. Unatia bisibisi katika sikio moja, unaizungusha pete, na mashine inaachia. Inaachia kwa ghafula. Yetu ilikuwa na uzito wa kilo sita au saba hivi, nao si mwingi kwa mtu aliyesimama, lakini kwa mtu aliyelala chali uso wake uko chini yake ni mwingi sana. Kwa bahati mjomba alikuwa ameweka kopo la rangi na vitabu viwili vinene chini ya mashine, ikatua juu yake. Tuliigeuza, tukafungua kibamba cha chini, mjomba akagusa waya kwa kijiti cha kupimia umeme. Kilipokaa kimya ndipo tukazifungua.

Kama pete ya zamani ni nzima na ya aina moja na mpya, waweza kuiacha ilivyo, na kazi ni ya nusu saa. Yetu ilikuwa imeliwa na kutu. Tukalegeza skrubu tatu, tukabandua ile pete nyembamba ya kubana kwa bisibisi, na mdomo wa chuma wa sinki ukasukumwa juu ukatoka. Puti ya zamani ilikuwa ngumu kama mfupa. Niliikwangua kwa muda mrefu, kwa sababu mjomba aliniambia kwamba puti mpya juu ya puti kuukuu ndiyo inayowaletea watu maji chini.

Puti mpya unaifinyanga mikononi mpaka iwe kama kamba nene ya kidole, unaizungusha chini ya ule mdomo mpya, unaukandamiza katika tundu la sinki. Chini yake hufuata mpira au karatasi ngumu, kisha pete ya kukazia, kisha pete ya kutundikia, na mwisho pete ya kubana. Hiyo ya kubana ilinitesa. Ni lazima uzishike zile nyingine zote kwa mkono mmoja na kuisukuma kwa mwingine mpaka ilie "ta!" ndani ya mfuo wake. Mara tatu iliruka. Mara ya nne ililia, nami nikabaki nimelala hapo kidogo bila kusema neno. Skrubu tatu hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, ili upande mmoja usitangulie. Puti itakayojitokeza juu unaifuta kwa kitambaa.

Waya tuliziunga mashine ikiwa bado sakafuni, maana ndiyo nafasi ya kuona vizuri: nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, na ule wa ardhi, ambao huwa wa kijani au mtupu, kwenye skrubu ya kijani. Kila jozi husokotwa ndani ya kikofia chake, halafu unavuta kidogo kuona kama inashika. Huko umeme wa nyumba ni volti 120, si 240 kama wetu, basi asidhani mtu kwamba ataibeba mashine hiyo sandukuni aje kuitundika Kampala.

Kisha tuliinyanyua, masikio matatu yakaingia, pete ikazungushwa mpaka ikakaza. Hapo tuligundua kwamba tundu la kutolea maji la mashine mpya liko chini kuliko la zamani, na bomba halikukutana nalo. Mjomba akalikata kwa msumeno wa chuma. Tulijaza sinki, tukaliachia lote mara moja, nikapita na tochi na karatasi kavu penye kila kiungo. Karatasi ilibaki kavu. Ndipo umeme ukarudishwa. Mashine mpya haikunguruma kama kinu, ilinong'ona tu.

Usiku ule mke wa mjomba aliweka vyombo katika mashine ya kuoshea. Alipoifungua alikuta vyombo vimekaa katika maji machafu. Mjomba alisimama ameshika kiuno. Sasa na hii nayo imekufa, alisema, na bei yake alikuwa anaijua. Sikupata usingizi. Saa sita za usiku nilikwenda jikoni, nikakitoa katika taka kile kijitabu kilichokuja na mashine, nikakisoma tangu mwanzo, jambo ambalo tungelifanya asubuhi. Kilikuwa kimeandika wazi: mashine mpya hutoka kiwandani imezibwa kwa kizibo mahali pa mpira wa mashine ya kuoshea vyombo, kwa ajili ya watu wasio nayo. Mwenye nayo hukitoboa kizibo hicho kwa bisibisi na nyundo kabla ya kuitundika. Sisi tulikuwa tumeufunga mpira wetu juu ya ukuta.

Nilimgonga mlango. Tulizima tena umeme kwenye sanduku, nikalala tena chini ya sinki, nikaufungua mpira, nikaweka bisibisi, nikapiga. Kizibo kikaangukia ndani ya mashine. Mjomba akakitoa kwa koleo kupitia juu. Kingeachwa humo kingegongagonga mpaka kikwame. Tukaufunga mpira, tukawasha mashine ya vyombo, tukakaa jikoni katika viti tukisikiliza maji yakitoka. Mjomba alipika chai. Alinieleza usiku ule habari za mama yangu walipokuwa wadogo, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, lakini hayo si ya gazeti hili.

Niliporudi, wenzangu waliniuliza kama mashine hiyo ingefaa jikoni mwa shule. Maji tunayapiga kwa pampu, mabomba ya mji hayajatufikia, na makombo yote ya bwalo huenda kwa nguruwe 14 wa misioni. Mpishi alipoelezwa alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mjomba ameandika mwezi uliopita. Mashine inakwenda vizuri, maganda ya matoke yanatiwa ndooni, na alenki iko katika droo ya vijiko, upande wa kushoto.