Lulu Iliyookotwa Ufini
Filamu za Kale za Ufilipino: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulizungumza habari za Dalagang Bukid ya José Nepomuceno, iliyoonyeshwa Manila mwaka 1919, ambayo haikubakia hata nakala moja. Leo twaja kwa iliyosalimika, nayo ni Zamboanga ya mwaka 1937, iliyoongozwa na Eduardo de Castro, ambayo wataalamu walikwisha kuihesabu kuwa imepotea, hata nakala yake ikaonekana Ufini, nchi ya theluji.

Sababu ya kupotea si muhali kuifahamu. Utepe wa zama zile ulifanywa kwa nitreti, ambayo ikishika moto haizimiki hata kwa maji. Na usipoungua, joto na unyevu wa visiwa vile huufanya unate, unuke, na mwisho uwe unga. Vita vilivyoiteketeza Manila mwaka 1945 vikafagia masalio, hata filamu ndefu za kabla ya vita zikawa hazizidi hesabu ya vidole.

Niliitazama Zamboanga katika ukumbi mdogo mjini Manila. Danao, mzamia lulu, ambaye ni Fernando Poe, amposa Minda-Mora, yaani Rosa del Rosario, kisha binti huyo atekwa na maharamia. Bahari ya Sulu, vyombo vya matanga, watu wazamao kutafuta chaza: hayo mtu wa pwani yetu hayamwii mageni, na mzee aliyeketi ubavuni mwangu alikuwa akizuia pumzi kila mzamiaji azamapo, asiishushe mpaka aibuke.

Lakini jina la haramia mkuu ni Hadji Razul, na hapo nilikunja uso. Wenye mali walioitengeneza filamu hii, George Harris na Eddie Tait, walilikusudia soko la Marekani, na kwa watazamaji wa huko Mwislamu wa kusini alikuwa kitisho cha kuburudishia macho. Ajabu ni kwamba kuuzwa ng'ambo huko ndiko kulikoiokoa, ilhali nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wenyeji zilibaki nyumbani zikaangamia. Basi aihukumuye Ufilipino ya wakati ule kwa filamu hii peke yake, amesikiliza shahidi mmoja tu, tena wa kukodiwa.

Juma lijalo, inshallah, tutaitazama Giliw Ko ya mwaka 1939, filamu ya kwanza ya kampuni ya LVN, iliyotengenezwa kwa macho ya Wafilipino wenyewe.