Kabla Ungo Haujavunjika

Watu wa pwani husema binti amevunja ungo, wala hawasemi zaidi ya hapo; na kwa maneno hayo mawili nyumba nzima huelewa kwamba damu ya kwanza imeonekana, kwamba mtoto wa jana ameingia katika hesabu ya wanawake, na kwamba somo wake, yule mwanamke aliyechaguliwa awe mlezi wa siri zake, sasa hana budi kuitwa. Neno hili lina sitara na lina adabu, nami sitaki kulitoa vinywani mwa watu. Lakini limewaliza watoto wengi, kwa kuwa hutufanya tudhani jambo limeanza siku ile, ilhali siku ile jambo limekwisha kupita nusu ya safari yake.

Binti wa kaka yangu alikuwa na miaka 11 alipokuja kulala kwetu Tanga wakati wa likizo. Asubuhi moja alikawia bafuni hata maji ya ndoo yakaisha, na nilipobisha hodi alifungua mlango kadiri ya upana wa kiganja, ameshika kanga aliyokwisha kuifua mara tatu, doa lake limefifia likawa rangi ya kahawia wala halikutoka, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Shangazi, nimekatika wapi?" Kifua chake kilikuwa kimeanza kuota zaidi ya miaka 2 kabla ya asubuhi hiyo. Katika muda wote huo sisi watu wazima, mimi nikiwemo, tulikuwa tukiona na kunyamaza, tukingoja siku.

Mwanzo wa baleghe hauko tumboni wala kifuani, uko kichwani. Katika upande wa chini wa ubongo pana sehemu ndogo mfano wa lozi, jina lake haipothalamasi, na chini yake imening'inia tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake haupiti punje ya njegere. Viwili hivi huamka kidogo katika miezi ya kwanza ya uchanga, kisha hunyamaza kwa miaka mingi, mtoto akakua na kucheza bila ya kusumbuliwa. Hata wakati wake ukifika, kwa mujibu wa urithi wa wazazi na siha ya mwili na chakula, ile lozi huanza kutoa homoni yake kwa mapigo, kama mtu anayegonga mlango, akatua, akagonga tena. Mapigo ya mwanzo hupigwa usiku, mtoto akiwa usingizini. Hakuna mzazi anayeweza kuyasikia, na mtoto mwenyewe hayajui, lakini kila pigo huiamrisha pituitari imwage homoni zake katika damu, na damu huupeleka ujumbe mpaka chini, kwa ovari za msichana au korodani za mvulana.

Wanasayansi Roger Guillemin na Andrew Schally, ambao walishindana huko Marekani kwa miaka mingi, kila mmoja na maabara yake, waliitafuta homoni hii ya haipothalamasi katika bongo za kondoo na nguruwe zilizokusanywa machinjioni kwa malaki, maana katika kila ubongo mmoja kiasi chake ni kidogo mno. Umbo lake likajulikana mwaka 1971, na mwaka 1977 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo kusema kwamba bibi zetu hawakuwa na njia ya kujua kwamba kisa cha ungo huanzia kichwani. Sisi tumekwisha kuambiwa.

Kwa msichana, dalili ya kwanza aghalabu ni kifundo kidogo chini ya chuchu, pengine upande mmoja kwanza na wa pili ukafuata baada ya miezi, nacho huuma kikiguswa. Hutokea baina ya miaka 8 na 13. Mama wengi huingiwa na hofu ya uvimbe mbaya, wakakimbilia dawa za kuchua, na hali hakuna cha kutibu. Hufuata nywele za kinena na za kwapani, jasho lenye harufu mpya, chunusi, nyonga kupanuka, na kimo kurefuka kwa haraka mpaka sare ya shule iliyoshonwa Januari ikawa fupi kabla ya mwaka kwisha. Hedhi huja baada ya hayo yote, kiasi cha miaka 2 au 3 tangu kile kifundo cha kwanza.

Na viungo vya ndani navyo vinakua. Mji wa mimba wa mwanamke aliyekomaa ni mfano wa pera lililopinduliwa, sehemu nene juu na shingo chini, urefu wake sentimita 7 au 8, na shingo hiyo, iitwayo mlango wa kizazi, hutokeza katika uke. Kutoka juu, kulia na kushoto, hutoka mirija miwili ya kiasi cha sentimita 10, ambayo huitwa kwa jina la Gabriele Falloppio, tabibu wa Italia aliyeieleza katika kitabu chake mwaka 1561. Na karibu na ncha ya kila mrija pana ovari, kubwa kupita kungumanga kwa kidogo tu. Nimewakuta wanawake wazima, wenye watoto na wajukuu, wanaodhani kwamba mkojo na damu ya hedhi hutoka njia moja. Sivyo. Njia ya mkojo ina tundu lake dogo, mbele ya mlango wa uke, na msichana ana haki ya kuujua mwili wake kama anavyoijua nyumba ya kwao.

Ndani ya ovari mna mayai, na msichana huzaliwa nayo yote. Huwa milioni 1 au 2 siku ya kuzaliwa, hupungua yenyewe mpaka malaki machache wakati wa baleghe, na katika umri wote wa uzazi hukomaa na kutoka kiasi cha 400 tu. Yai moja lina upana wa sehemu ya kumi ya milimita, dogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Kila mwezi, kwa hesabu ya takriban siku 28 kwa mtu mzima, mji wa mimba hutandika ukuta wake wa ndani kwa utando laini wenye mishipa mingi ya damu, ukingoja. Yai likitoka huishi muda usiozidi siku moja, na kama halikukutana na mbegu ya kiume, homoni hushuka, mishipa ile hujikaza, na utando ukabanduka na kutoka. Hii ndiyo hedhi. Si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, wala si jeraha. Ni tandiko lililotandikwa kwa mgeni asiyekuja. Damu yenyewe, japokuwa machoni huonekana nyingi, kwa kawaida haizidi mililita 80 kwa siku zote za mwezi mmoja, yaani kama vijiko vikubwa vitano.

Katika miaka 2 ya mwanzo mwezi hauna utaratibu, baina ya hedhi na hedhi zikapita siku 21 au hata 45, na mama asimtuhumu binti yake kwa sababu ya mwezi uliochelewa. Bali damu ikizidi siku 7, au sodo ikilowa kila saa, au kifua kikianza kuota kabla ya miaka 8, au miaka 15 ikitimia pasipo hedhi, tabibu aulizwe. Hali kadhalika maumivu yanayomkosesha msichana shule: yana dawa, na kumwambia avumilie kwa kuwa ndiyo uanamke ni kumdhulumu.

Katika vyuo vyetu vya Kurani watoto husomeshwa Safina, kitabu kidogo cha madhehebu ya Shafii, na humo dalili za baleghe hutajwa tatu: kutimiza miaka 15 kwa mwanamume na mwanamke, ihtilamu, na hedhi kwa mwanamke tangu miaka 9. Dalili hizi zina kazi yake, nayo ni kumjulisha mtu lini sala na saumu zimemfaradhikia, nazo zinaitimiza vyema. Kosa ni letu sisi wazazi tulioifanya saa ya kufaradhikiwa kuwa ndiyo saa ya kuambiwa. Unyago nao hufuata mwendo huo huo. Marehemu Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude na akafariki mwaka 2013, alipiga msondo wa unyago Unguja kwa miaka mingi, na wanawake wengi wanamkumbuka kwa ilimu aliyowapa. Lakini mwari huingia ndani akiwa amekwisha kuvunja ungo, na hofu ya asubuhi ile ya kwanza amekwisha kuionja peke yake.

Mvulana hana hata hilo. Zamani jando lilimkusanya kumbini na wenzake, akafundwa. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali wakiwa wachanga, kidonda kikapona, na mafundisho yakapotea pamoja na kumbi. Kwake baleghe huanza baina ya miaka 9 na 14, na dalili ya kwanza ni korodani kukua, jambo asilolitambua mtu, pengine hata yeye mwenyewe. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa hikima, kwa maana mbegu za kiume hazitengenezeki vizuri katika joto la ndani, nazo huchukua miezi 2 na zaidi kutimia. Uume hukua baadaye, kisha kimo. Wavulana wengi, karibu nusu yao, kifua huvimba kidogo kwa muda, wakaona haya kuvua shati ufukweni; uvimbe huo huondoka wenyewe, aghalabu kabla ya miaka 2. Usiku mmoja mvulana huamka shuka limelowa manii, naye hajui kwamba hiyo ndiyo ihtilamu aliyoisoma Safina, kwa sababu aliisoma kama neno la kuhifadhi. Si maradhi, wala si dhambi. Aoge, afue shuka, basi.

Namkumbuka mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma kasida katika maulidi, sauti nyembamba kama uzi wa hariri, hata wazee wakafumba macho wakimsikiliza. Mwaka uliofuata, katikati ya ubeti, sauti ilimkatika, ikashuka, ikapanda, wenzake wakacheka. Hakusoma tena. Hakuna aliyemwambia kwamba zoloto lake limepanuka na nyuzi za sauti zimerefuka na kunenepa, kama utambi mpya katika taa ya zamani, na kwamba baada ya miezi kadhaa sauti ingetulia, akawa na nyingine ya kusomea.

Serikali zetu nazo zimeingia katika jambo hili la baleghe, kwa upande wa sodo. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa bure wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Tanzania iliiondoa kodi hiyo mwaka 2018 na kuirudisha mwaka 2019, jambo lililonisikitisha.

Yule binti wa kaka yangu ana mdogo wake, na mdogo huyo mwaka huu ametimiza miaka 9. Mwezi uliopita alinijia jikoni akilalamika kwamba akilala kifudifudi kifua kinamuuma upande wa kushoto. Niliacha kukuna nazi, tukaingia chumbani, dada yake naye akaja, na ni yeye aliyeyasema mengi kuliko mimi. Mtoto akauliza: "Sasa damu itakuja lini?" Dada akamwambia pengine miaka 2, pengine 3, siku hasa haijui mtu. Kisha akachukua sodo mbili, nguo ya ndani safi na kipande cha kanga, akavikunja pamoja, akavitia chini kabisa ya mkoba wa shule, chini ya madaftari.