Sogea tuishi: Mkikaa miaka miwili Mbinga, je, ni ndoa tayari?

Tuseme kuna dada yuko huku milimani Mbinga. Miaka tisa iliyopita alihamia kwa mwenzake na begi moja. Hakukuwa na sherehe, padri wala safari ya bomani. Leo wana watoto watatu, nyumba ya bati na shamba la kahawa. Kijijini wanamwita mama fulani. Kukiwa na msiba ukweni, yeye ndiye anashinda jikoni.

Msimu wa kahawa unaisha, hela zinaingia. Siku moja wanagombana, mwanaume anamwambia: "Kwani mimi nilikuoa?"

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini swali lenyewe wengi tumelisikia. Linaweza kumtoa mtu nyumbani bila hata sufuria. Basi tuangalie sheria inasemaje.

Kwa nini watu hawafungi ndoa?

Mtaani tunaita "sogea tuishi". Sababu zake ni za kawaida tu. Mahari haijatimia. Harusi ya kanisani watu wanaiona ni gharama, kwa sababu ya michango, ukumbi na nguo. Wengine binti alipata ujauzito, akahamia, siku zikaenda. Wengine wanasema "tuangaliane kwanza", wanaangaliana hadi mtoto wa nne.

Huku kwetu kanisa lina nguvu. Wakatoliki ni wengi upande wa Mbinga, na pwani ya Ziwa Nyasa, kama Liuli, Waanglikana wapo tangu enzi za wamisionari. Kwa hiyo wanaoishi bila ndoa wanabeba aibu kidogo. Mkatoliki anayeishi hivyo hakomuniki. Lakini aibu hiyo haigawanywi sawa. Mwanaume anaambiwa "kijana bado anajipanga". Mwanamke anaambiwa "alijipeleka mwenyewe".

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inazungumzia kitu kinaitwa dhana ya ndoa. Ikithibitika kwamba mwanaume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke, mahakama itachukulia kwamba hao ni wanandoa.

Soma vizuri hapo. Mambo ni mawili, siyo moja. Wengi wanashika ile miaka miwili tu, na wengine wanasema eti miezi sita inatosha. Hapana. Unaweza kukaa na mtu miaka mitano, lakini kama kila mtu anajua wewe ni "rafiki yake" tu, muda peke yake haukusaidii.

Pia dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mtego mkubwa uko hapa: kama mwenzako ana ndoa ya kanisani ambayo haijavunjwa kisheria, hawezi kuhesabiwa ana ndoa nyingine na wewe, hata mkae miaka ishirini. Hivyo hivyo kwa mwanamke ambaye bado ana mume wake wa ndoa.

Na mahari je? Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinasema ndoa haiwi batili kwa sababu tu taratibu za mahari hazikutimizwa. Wazee wana haki ya kuidai kwa mila, lakini deni la mahari halifuti ndoa.

Mdomo wa jirani ni ushahidi

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu sote. Sheria inauliza: jamii iliwaonaje? Watakaojibu ni majirani, mwenyekiti wa kitongoji, mashemeji na wanajumuiya.

Sasa angalia tabia yetu. Miaka tisa tunamwita "shemeji" na "mama fulani". Tunamtuma akapike msibani kwa sababu ni mkwe. Siku wakigombana, tunageuka: "Huyo hakuolewa bwana, alikuwa anakaa tu." Tunadhani ni maneno ya kijiweni, kumbe mahakamani hayo ndiyo yanayoamua kama mtu alikuwa mke au mpita njia.

Ukiitwa kuwa shahidi, sema ulichokiona miaka yote, siyo unachokisema leo kwa sababu kaka yako kagombana na mtu.

Mali inagawanywaje?

Ukienda Umatengoni utakuta mashamba ya ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usiporomoke mlimani. Kwa desturi, mwanaume anafyeka na kupanga nyasi kwa mistari, mwanamke anachimba na kufunika nyasi kwa udongo, kisha anapanda. Ukishuka ziwani, wanaume wanavua usiku, wanawake wanaanika dagaa na kuuza. Kazi ni ya wawili. Lakini jina kwenye chama cha ushirika, au kwenye mtumbwi, mara nyingi ni la mmoja.

Mahakama ya Rufani ililijibu hili mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupata mali ya familia. Yaani kupika, kulea na kuhudumia nyumba si bure. Ila haimaanishi nusu kwa nusu kila mara; mahakama inapima mchango wa kila mmoja. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ilionekana alizitumia vibaya hela alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara.

Na kama dhana ya ndoa ikishindikana? Bado kuna mlango. Kifungu cha 160 kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto. Katika kesi ya Hemed Tamim na Renata Mashayo, iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema mali waliyochuma pamoja inaweza kugawanywa hata kama dhana ya ndoa imekanushwa.

Watoto hawahusiki na ugomvi wenu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, wawe wamefunga ndoa au la. "Sikumuoa mama yake" siyo jibu la kukwepa ada na chakula.

Ufanye nini sasa?

1. Kama mnapendana na mko huru, andikisheni ndoa. Ndoa ya bomani haihitaji ukumbi wala kamati ya michango. Mnatoa taarifa siku 21 kabla. Sherehe mtafanya mkipata.

2. Kabla ya kuhamia, uliza wazi: una ndoa nyingine? Ulizia na kwao pia.

3. Tunza karatasi: vyeti vya kuzaliwa na ubatizo vya watoto, kadi za kliniki, risiti za bati na saruji, meseji za hela ulizotuma.

4. Mkinunua shamba au kiwanja, majina yote mawili yaandikwe.

5. Mambo yakiharibika, usikimbilie kuondoka kimya kimya. Kabla ya kudai talaka mahakamani, mnapita baraza la usuluhishi wa ndoa. Kesi ya ndoa inaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017, anaweza kukuelekeza.

Na wewe kaka unayesema "nitamuoa tu", kumbuka dhana ya ndoa inakugusa na wewe. Ukimwita mke mbele za watu miaka yote, usishangae mahakama nayo ikimwita hivyo hivyo.